Hoja Kwanza, Kiingereza Baadaye

*Shangazi, mimi ni msichana wa Kidato cha Tano. Nimeingia kwenye mchujo wa timu itakayokwenda mashindano ya kimataifa ya midahalo. Mada tunazopewa mapema nazimudu, ila ikija ile ya papo kwa papo, yenye saa moja tu ya kujiandaa, Kiingereza kinanikimbia. Juzi nilisimama nikabaki nimeduwaa, wenzangu wakaangua kicheko. Nijitoe? Mwenye Wasiwasi, Tanga.*

Mwanangu, usijitoe. Wewe unaogopa mtihani wa Kiingereza, na huo si mtihani wa Kiingereza.

Mashindano mengi ya aina hii hufuata kanuni za Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Shule, yaliyoanza Australia mwaka 1988. Kila hotuba kuu ina alama 100: 40 za hoja, 40 za uwasilishaji na 20 za mkakati, yaani kama umejibu kilichostahili kujibiwa na kuutumia muda vizuri. Tena kwa kawaida majaji hutoa kati ya 60 na 80. Kwa hiyo kwenye uwasilishaji, kwa uwiano huohuo, hodari kabisa na dhaifu kabisa hupishana alama nane tu, na humo mna sauti, mwendo na kumtazama jaji. Lafudhi ya Tanga haimpunguzii mtu alama.

Kinachokuangusha ni ile saa moja. Nadhani mnabishana weee, kisha unaanza kuandika hotuba neno kwa neno, na muda unakwisha ukiwa aya ya pili.

Igaweni hivi. Dakika 10 za kwanza ni kimya: kila mtu aandike hoja zake peke yake, kwa Kiswahili ikibidi. Dakika 20 zinazofuata, zilinganisheni, mchague tatu, na kila moja muiulize: kwa nini ni kweli? Tuseme mada ni kupiga marufuku simu shuleni. "Simu zinaharibu wanafunzi" bado ni lawama. "Simu ikitetemeka mfukoni, mwenyewe anaacha kumsikiliza mwalimu, na jirani yake naye anageuka kuchungulia": hapo jaji ana la kuandika. Dakika 20 nyingine, andikeni vichwa vya hoja tu. Kumi za mwisho, tamka kwa sauti sentensi zako mbili za kwanza, kwa Kiingereza, mpaka ulimi uzizoee. Ukishazivuka hizo, zilizobaki zitafuata.

Wapinzani watasimama kukutupia hoja. Katika dakika zako nane za hotuba, ya kwanza na ya mwisho hawaruhusiwi kukugusa. Hapo katikati, mkubali mmoja au wawili, tena ukiwa umeshafunga hoja yako. Wengine waashirie kwa mkono wakae, uendelee.

Na hao waliokucheka ndio utakaojifungia nao chumbani saa nzima, bila mwalimu, bila simu. Waambie wazi kuwa kicheko kile kilikuumiza, kwa sababu ushindi ni wa timu na mmoja wenu akiduwaa mnaanguka wote.

Jumamosi hii mwombeni mwalimu awape mada msiyoijua, mtegeshe saa mezani. Rudieni mara tano kabla ya mchujo, kisha uniandikie.