Ukinunua mashua ya tanga, anzia nyuma

Ukitoka Kaisho na pesa ya kahawa, ukapita Omurushaka na Kyaka hadi Bukoba kutafuta mashua ya tanga, muuzaji atakuonyesha mbele, omo iliyochongoka vizuri na rangi mpya. Mpe shukrani, kisha uende nyuma, kwenye tezi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo safari ya kurudi na samaki mara nyingi ni ya kusukumwa na upepo na mawimbi. Hapo tezi ndiyo inayoamua.

Mashua nzito yenye urefu wa mita 9 majini hunaswa na wimbi inalolitengeneza yenyewe ikikaribia kilomita 13 kwa saa. Wimbi la ziwani lenye mita 16 kutoka kilele hadi kilele hukimbia kilomita 18 kwa saa. Ili mashua iteleze nalo, lazima tumbo lake liinuke juu ya maji badala ya kuyalima. Ngalawa ya pwani ina njia nyingine: ni nyembamba na nyepesi, wimbi lake ni dogo, na matengo, yale magogo ya pembeni, huizuia isipinduke.

Mashua ikiwa nchi kavu, vuta uzi chini ya mkuku, boriti ya chini kabisa, kutoka katikati hadi mwisho wa tezi. Mkuku ukipinda kwenda juu kama ndizi, tezi itazama kila kasi inapoongezeka, na mashua haitateleza. Unataka mstari ulionyooka, na sakafu pana, bapa kiasi, kuelekea nyuma. Lakini usipitilize. Tezi pana mno huburuta maji upepo ukiwa mdogo, na ikiinuliwa na wimbi huikandamiza omo. Omo ikiwa nyembamba huchimba wimbi la mbele, mashua inageuka ubavu, na watu hufa hivyo. Kwa hiyo omo iwe kali chini lakini itanuke kuelekea juu, ili ikizama kidogo iinuke yenyewe. Mimi ningechagua tezi ya wastani na omo iliyojaa, hata kama mwenzangu angenitangulia siku ya upepo mwanana.

Tazama pia usukani. Mfupi hutoka majini tezi inapoinuka, na hapo huna uwezo wowote.

Mkiwa safarini, sogezeni samaki na watu nyuma kidogo upepo ukizidi, punguzeni tanga mapema, na kila mtu avae jaketi okozi.

Kabla ya kulipa, omba mtoke alasiri, na mkirudi, upepo ukiwa nyuma, ushike usukani mwenyewe. Ukilazimika kuuvuta kwa mikono miwili kila wimbi linapofika, rudini ufukweni, ukatafute mashua nyingine.