Betri ya Pikipiki ya Shambani: ya Maji, Kavu au Lithiamu?

Msimu wa nyanya ukifika huku Ilula, maswali ya kantangaze nimeshayazoea. Ila siku hizi kuna lingine linakuja kwa kasi: "Bwana shamba, betri ya pikipiki ninunue ipi?" Mzee mmoja alisikia akacheka, akasema hilo si swali la kilimo. Mimi naona ni la kilimo kabisa. Matenga yako yamefungwa saa kumi alfajiri, gari linaloteremka Dar limesimama barabara kuu, halafu pikipiki haiwaki, au inawaka lakini haina taa ya kupitia makorongo. Dereva hakusubiri. Nyanya iliyoiva nayo haikusubiri. Unaishia kumuuzia dalali hapo hapo kijijini kwa bei anayoitaka yeye.

Basi leo tuweke viuatilifu pembeni, tuongee betri.

Anza na pikipiki, duka baadaye

Wengi wanaanza kwa kuuliza betri ipi ni nzuri. Swali la kwanza liwe: pikipiki yangu inaitumia betri kwa kazi gani? Kama unawasha kwa kiki, betri kazi yake ni honi, indiketa, breki laiti na pengine taa kubwa. Kama unawasha kwa selfu, betri inabeba mzigo mwingine kabisa, kwa sababu mota ya stata inavuta makumi ya ampea kwa sekunde chache.

Taa kubwa ipime hivi. Weka ufunguo, injini ikiwa imezimwa, washa taa. Ikiwaka, inakula betri. Isipowaka mpaka injini iungurume, na mwanga unapanda na kushuka unavyovuta mafuta, basi inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini. Ya namna hii, hata betri ikifa, utafika barabarani ukiwa na mwanga. Lakini usifanye mazoea ya kutembea bila betri. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa pikipiki. Ukiitoa, balbu zinaungua ovyo. Na zipo pikipiki ambazo mfumo wake wa kuwasha plagi unategemea betri, hizo bila betri haziendi popote, kiki upige usipige.

Namba za kwenye betri zisikutishe. Fikiria simtanki lako la umwagiliaji lililo juu ya mnara. Volti ni urefu wa mnara, yaani msukumo. Ampea kwa saa, zile zinazoandikwa Ah, ni ujazo wa tanki. Ampea za kuwashia, zinazoandikwa CCA, ni upana wa bomba la kutolea. Tanki linaweza kuwa kubwa lakini bomba jembamba, na selfu inataka bomba pana. Pikipiki karibu zote tunazotumia ni za volti 12.

Betri ya maji

Hii ndiyo ya zamani na ndiyo rahisi kwa bei. Ina vyumba sita, kila kimoja kina bamba za risasi zilizozama kwenye maji ya asidi, na kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Utaitambua kwa vifuniko sita juu, mistari miwili ubavuni ya kuonyesha kiwango cha juu na cha chini, na kimpira chembamba cha kupumulia.

Inauawa na kiu. Inapochajiwa, maji yanageuka gesi na kupotea, asidi inabaki. Bamba zikikaa wazi juu ya maji, sehemu ile inaharibika na hairudi. Kwa hiyo kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa joto, angalia mistari. Ikipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Ya bomba na ya kisima yana chumvichumvi zinazochafua bamba. Na usiongeze asidi. Kuna mafundi wanamimina asidi ili "kuipa nguvu", betri inachangamka kidogo kisha inakufa mapema.

Kimpira cha kupumulia nacho watu wanakidharau. Kikibanwa, gesi haina pa kutokea. Kikichomoka, mvuke wa asidi unakula fremu, cheni, na mzigo. Pikipiki inayobeba mbegu, chakula cha kuku au chanjo isiwe na betri inayovuja, hilo halina mjadala.

Udhaifu wake mwingine ni kuinama. Pikipiki ikilala kwenye tope, asidi inamwagika. Asidi ikikurukia, suuza na maji mengi palepale; ikiingia jichoni, suuza kwa muda mrefu huku unaelekea zahanati.

Betri kavu

Jina linachanganya, maana hata za tochi watu wanaziita kavu. Ninayoisema hapa ni ile iliyofungwa, isiyoongezwa maji. Ndani bado ni risasi na asidi, ila asidi imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo kati ya bamba, kama sponji. Haimwagiki ikiinama, inavumilia mtikisiko, haiishiwi chaji haraka ikikaa bila kazi, na inatoa msukumo mzuri kwa selfu. Kwa njia zetu za mawe na mzigo wa matenga, hii ina faida ya kweli.

Adui yake ni chaji iliyozidi. Ya maji ikichemshwa utaongeza maji. Hii ikichemshwa, kilichopotea kimepotea. Ndiyo maana kijana anaweza kununua betri kavu ya bei, ikafa ndani ya msimu mmoja, akaja kulalamika kuwa ni feki. Feki zipo, sikatai. Lakini nikimuuliza kama alipima chaji ya pikipiki kabla ya kununua, jibu huwa ni hapana.

Utakutana pia na zilizoandikwa "gel". Asidi yake imegandishwa kama uji mzito. Ni nzuri lakini nayo haitaki chaji kali. Neno hilo kwenye boksi peke yake lisikufanye uongeze hela.

Lithiamu

Ni nyepesi sana, hukaa na chaji muda mrefu, hudumu mizunguko mingi. Ikipumzika imejaa utasoma kama volti 13.3, sio 12.7 kama za risasi, kwa hiyo usidhani mita imeharibika. Shida ni tatu: bei iko juu, inataka chaja yake au angalau isiyo na hatua ya kusafisha bamba kwa volti kubwa, na inalegea kwenye baridi. Mkulima wa Makete asubuhi ya Julai anaweza kukuta selfu imenuna. Kwa pikipiki ya kubeba mazao mimi siishauri. Kupunguza kilo mbili kwenye chombo kinachobeba matenga matatu kunasaidia nini?

Betri ya pikipiki na bomba la dawa

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanafanya. Bomba la kupulizia la betri, yale ya lita 16 au 20, mara nyingi linakuja na betri iliyofungwa ya volti 12, Ah 8 hivi. Ikichoka, mtu anachomoa ya pikipiki anaunga. Volti ni ileile, bomba linafanya kazi, anaona kapata ujanja.

Betri ya pikipiki imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ichajiwe tena. Bamba zake ni nyembamba. Pampu ya bomba inavuta kidogo kidogo kwa muda mrefu mpaka betri ibaki tupu, na kukaushwa namna hiyo mara kadhaa kunatosha kuiua. Piga hesabu: pampu inayovuta ampea 3 kwenye betri ya Ah 5, kwa karatasi ni saa moja na dakika 40. Ukitaka isiharibike usivuke nusu, kwa hiyo hata saa nzima hufiki. Na kama ni ya maji, umeibeba mgongoni huku unainama kwenye matuta, asidi itakushuka kiunoni.

Kinyume chake nacho hakifai. Betri ya bomba ukiifunga kwenye pikipiki ya selfu, vile vikoleo vyake vidogo havikutengenezwa kwa mkondo wa stata. Bomba linunulie betri yake.

Ningechagua ipi?

Kama pikipiki ni ya kiki, au una selfu lakini kiki nayo ipo na unaitumia, na wewe ni mtu wa kukagua vyombo vyako, nunua ya maji yenye ukubwa uleule wa kiwandani. Inatosha. Kama unategemea selfu, njia ni mbaya, pikipiki inalala mara kwa mara, au unajijua hutakumbuka maji, chukua kavu.

Bei igawe kwa misimu. Namba hizi ni za kufundishia tu: ya maji 30,000 ikidumu misimu miwili ni 15,000 kwa msimu. Kavu 50,000 ikidumu minne ni 12,500. Lakini ikifa msimu wa kwanza kwa sababu ya chaji mbovu, umelipa 50,000 yote kwa msimu mmoja. Weka namba za duka lako uone.

Kuhusu Ah, wengine wanapenda kuongeza, kutoka 5 kwenda 9, ili wafunge spotilaiti na redio. Betri kubwa ikienea hakuna dhambi, ila koili ya injini haijaongezeka. Umenunua tanki kubwa, chemchemi ni ileile. Na kama safari zako ni fupi, nyumbani hadi shamba kilomita moja, kila safari unawasha kwa selfu, betri haipati muda wa kurudisha ilichotoa. Asubuhi wa kwanza awe kiki.

Dukani

Nenda na betri ya zamani. Linganisha urefu, upana, kimo, na upande ilipo chanya. Kwenye maandishi kama 12N7, 12 ni volti na 7 ni Ah. Lakini YTX7L-BS sio Ah 7, ni 6, kwa hiyo soma Ah yenyewe. Hiyo L inahusu upande wa vituo. Ukikosea upande, waya hazitafika, na fundi mwenye haraka atazilazimisha.

Betri inayouzwa tupu na asidi yake pembeni ni nzuri kwa sababu haijaanza kuzeeka rafuni. Ikimiminwa asidi, iache itulie kama nusu saa, kisha ichajiwe taratibu kabla ya kufungwa. Chaji ya kawaida ni sehemu moja ya kumi ya Ah yake: ya Ah 5, nusu ampea. Ukiifunga palepale inaanza maisha ikiwa haijajaa, na wengi hawajui kwamba ndipo matatizo yalipoanzia. Chaji mahali penye hewa, pasipo sigara wala jiko, maana ile gesi inalipuka.

Kufunga, anza na chanya, malizia hasi. Kufungua, anza na hasi. Paka vaselini kwenye vituo.

Pima kabla ya kulaumu

Mita ya bei nafuu inatosha, hata mkinunua moja kwa kikundi. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri ya risasi iliyojaa isome 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 inakaribia kuisha. Bonyeza selfu huku unatazama: ikiporomoka chini ya 9.5 ilhali ilikuwa imejaa, betri imechoka. Kisha washa injini, vuta mafuta kiasi, upate 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi, angalia koili, waya na rektifaya. Ikipita 15, rektifaya haidhibiti na itachemsha betri yoyote utakayoweka. Hiyo rekebisha kwanza, betri mpya baadaye.

Tena msiwashe pikipiki kwa kuunganisha na lori bila kuuliza. Malori mengi ni ya volti 24, betri mbili zimeungwa. Mtaunguza kila kitu.

Betri iliyokufa

Isitupwe shambani wala kuoshewa mtaroni. Nimeona watu wakimwaga asidi pembeni ya mfereji wa kumwagilia na watoto wakichezea bamba. Risasi haiozi, inakaa kwenye udongo miaka na miaka, na inaharibu akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo. Msiyeyushe nyumbani kutengeneza vizito vya nyavu. Iweke wima kwenye ndoo ya plastiki, mbali na jiko na ghala, na siku ya kununua mpya nenda nayo. Wauzaji wengi wanaipokea na kupunguza bei, kwa sababu risasi yake ina thamani. Wakigoma kupunguza, waachie hivyohivyo.