Ngozi ya Kunolea Kisu: Usinunue Urembo

Wadogo zangu, leo tunaongea visu. Mmoja wenu ameniandikia kwamba anataka ile ngozi ya kunolea, ila kila akitazama anakutana na aina mpya: ndefu zenye pete ya kutundikia, zilizobandikwa kwenye ubao, zinazouzwa na sabuni ya kijani, na nyingine zinazodai kuwa na vumbi la almasi. Anauliza achukue ipi.

Kabla ya ipi, mdogo wangu, kisu chako kikoje? Maana ngozi haifufui kisu butu, na hili nawaomba mlishike hata kama mengine yote yatawapita. Kisu kikisuguliwa kwenye kinoo, chuma kinasagika, na ukingoni kinabaki kijiuzi chembamba kilichopindia upande mmoja. Jicho halikioni kirahisi, lakini pitisha kidole taratibu kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, utakihisi kinakwaruza. Kazi ya ngozi ni kukiondoa kijiuzi hicho, kulainisha michirizi iliyoachwa na jiwe, na kuyaamsha makali yaliyochoka kidogo kwa kazi za wiki. Basi. Kinoo ni kufua, ngozi ni kupiga pasi. Kisu kinachoponda nyanya badala ya kuikata, hata ukikipitisha kwenye ngozi mpaka adhana ya magharibi, utachosha bega bure.

Kwa hiyo kama mpaka leo unanolea kwenye ukingo wa sementi au kitako cha kikombe, ama unamsubiri yule mnoaji wa baiskeli apite mtaani, hela ya kwanza iende kwenye kinoo. Wahenga walisema kinolewacho hupata, hawakusema kinachopapaswa.

Tuchukulie kinoo unacho. Ule mkanda wa kutundika uache, ni wa vinyozi. Wembe wao wa kukunja una mgongo mnene ambao unalala juu ya ngozi pamoja na makali, kwa hiyo pembe inajipanga yenyewe. Kisu cha jikoni hakina bahati hiyo, pembe unaishika kwa mkono wako. Mkanda ukilegea kidogo tu, ngozi inapanda na kuyakumbatia makali, nayo yanaviringika. Unamaliza na kisu kibovu kuliko ulichoanza nacho.

Nunua iliyobandikwa kwenye ubao. Weka rula juu yake uone kama imenyooka. Ikiwa na bonde katikati, irudishe. Ngozi yenyewe iwe na unene wa milimita 2 hadi 3, na iwe ngumu. Bonyeza kwa dole gumba: ikididimia sana, si ya kazi hii. Ngozi laini za mikoba huwa hivyo. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti, kama ya mikanda mizito ya suruali. Dawa hiyo hutoka pia kwenye miwati, ile miti ndugu zetu wa Njombe wanaijua vizuri. Kuna za ngozi ya farasi na hata ya kangaruu, zinauzwa kwa bei ya kutisha. Ni nzuri, sikatai, lakini kitunguu hakitajua tofauti.

Upana sentimita 5 au zaidi, urefu kama 25. Vile vifupi vya kuingia mfukoni ni vya visu vidogo vya kukunja. Kisu cha kukatia nyama juu yake kitakuhangaisha.

Na sabuni, ile dawa ya kung'arishia inayopakwa juu ya ngozi? Ya kijani inatosha. Kinachofanya kazi humo ni oksidi ya kromiamu, ambayo chembe zake nzuri huwa kama nusu ya mikroni, na mikroni 1 ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Almasi waachie wenye visu vya gharama vya chuma kigumu chenye vanadi nyingi, maana hapo kijani inashindwa. Kama kisu chako ni cha kawaida kisichoshika kutu, usishawishike na seti ya rangi tatu. Paka kidogo tu, mistari michache, halafu fanya kazi. Ukiona weusi unatokea juu ya ngozi, ndicho chuma kinachotoka. Weusi ukizidi na kuanza kung'aa, sugua kidogo kwa msasa laini upake upya.

Mwenye mkono wa kazi wala asinunue. Nenda kwa fundi viatu umwombe kipande cha ngozi nene, tafuta kibao cha mninga kilichopigwa randa, bandika kwa gundi yake ileile, weka kitu kizito juu usiku kucha. Mimi naona hiyo ndiyo bora kuliko nyingi za dukani.

Sasa mkono. Mgongo wa kisu utangulie, makali yafuate nyuma. Ukienda kinyume utaikata ngozi, na ikikosekana ngozi kitakatwa kidole. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, inua mgongo sentimita 1 na kidogo. Kama huamini pembe yako, paka ukingo wino mzito wa kalamu, vuta mara mbili, kisha tazama wino umefutika wapi. Usikandamize, uzito wa kisu na mkono uliotulia vinatosha. Ukifika mwisho, simama kwanza ndipo unyanyue. Wengi huzungusha kiganja hapo mwishoni kwa mbwembwe za sinema, na hapo ndipo makali yanapokufa. Mara tano hadi kumi kila upande, umemaliza.

Kisu kikitoka kwenye kinoo kioshwe kwanza, chembe ya jiwe ikihamia kwenye ngozi itakuchora makali kila siku. Kikitoka kwenye ngozi kioshwe tena kabla hakijagusa chakula. Mafuta ya kupikia msipake kwenye ngozi, yanachacha na kunuka. Mlio Dar, Tanga na Mombasa, msiifungie ngozi kabatini kwenye unyevu, itaota ukungu; na kama mna panya, itundikeni juu.

Visu vya meno vya mkate haviihusu ngozi hii. Atakayetaka kujua kinoo kipi anunue aniandikie, na aseme kisu chake ni cha aina gani.