Kampuni na Deni: Somo kwa Wakristo Wafanyao Biashara

Mtu wa Mitundu mwenye duka, au mwenye mashine ya kukamua alizeti, akisema, "Hii ni biashara yangu," asema kweli kuliko anavyodhani. Mbele ya sheria yeye na biashara yake ni kitu kimoja. Deni la duka ni deni lake mwenyewe. Mwia asipolipwa aweza kumshtaki, na hakimu akiisha kutoa hukumu, mali yake yaweza kukamatwa: si magunia ya dukani tu, bali na pikipiki, na fedha aliyoweka kwa ajili ya ada ya watoto. Sheria humwachia mdeni vitu vichache, kama nguo, vyombo vya kupikia, na nyumba akaayo na jamaa yake. Lakini nyumba aliyoiweka rehani kwa hiari yake haimo katika ulinzi huo.

Wengine hudhani kwamba wakiisha kuandikisha jina la biashara wamekwisha kuwa na kampuni. Sivyo. Jina ni jina tu. Nyuma yake amesimama mtu yule yule na madeni yale yale.

Kampuni ni jambo jingine. Sheria huihesabu kuwa mtu: yaweza kununua, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe. Wenye hisa hudaiwa kwa kadiri ya hisa zao, basi. Aliyechukua hisa 10 za shilingi 10,000 kila moja, naye amelipa nusu tu, bado adaiwa shilingi 50,000. Kampuni ikianguka haombwi zaidi ya hizo.

Jambo hili lilipata kuwashangaza hata mahakimu. Mwaka 1892 mtengeneza viatu wa London, jina lake Aron Salomon, aliiuza kazi yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Wenye hisa walikuwa saba: yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Wale sita walikuwa na hisa moja moja, naye alikuwa na hisa 20,001. Tena kampuni iliandikiwa deni la pauni 10,000 kwake, lenye dhamana ya mali yake. Mwaka uliofuata kampuni ikaanguka, na wawia wasio na dhamana hawakupata kitu. Mahakimu wa kwanza, na wale wa rufani, walisema Salomon alipe, kwa kuwa kampuni ile ni yeye mwenyewe aliyevaa vazi jingine. Lakini mwaka 1896 mahakimu wakuu wa Uingereza waliipindua hukumu hiyo kwa sauti moja: kampuni imeandikishwa kwa kufuata sheria, basi ni mtu mbali na Salomon. (Naye hakutajirika kwa hila, alipoleta rufani yake ya mwisho aliileta kama maskini.) Kanuni hiyo iliingia kwetu pamoja na sheria ya makampuni ya Tanganyika ya mwaka 1932, nayo imo katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006.

Hapo Mkristo ana haki ya kuuliza: Je, si dhambi kukopa na kujificha nyuma ya karatasi? Zaburi 37:21 yamtaja akopaye bila kurudisha, wala haimtaji kwa sifa. Sisi twaona hivi. Neno Limited, ambalo sheria yaagiza liwe mwisho wa jina la kampuni ya namna hii, ni onyo kwa mkopeshaji: ajue kwamba mali ya kampuni ndiyo tumaini lake, wala si mbuzi wa mwenye hisa. Akikopesha baada ya kuonywa, hakudanganywa. Lakini yeye achukuaye mzigo wa asali wa ndugu yake hali anajua kampuni haina kitu, huyo ni mwizi hata kama ana cheti ukutani. Wala sheria haimwachi: kampuni ikifungwa, na ikaonekana iliendeshwa kwa nia ya kuwadhulumu wawia, mahakama yaweza kuwaamuru waliofanya hivyo walipe kwa mali yao wenyewe.

Kuandikisha si kazi ngumu kama zamani. Afisi ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, iitwayo BRELA, na tangu mwaka 2018 maombi hupelekwa kwa intaneti, hata mtu wa Mitundu asilazimike kwenda Dar es Salaam. Hutakiwa jina lisilofanana na la kampuni nyingine, katiba ya kampuni, wakurugenzi wasiopungua wawili, katibu, na namba za vitambulisho vya taifa na za mlipa kodi. Kampuni ya watu binafsi haipasi kupita wenye hisa 50. Karatasi zenye kiapo hutiwa sahihi mbele ya wakili, na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Cheti kikiisha kutoka, kampuni yajitafutia namba yake ya kodi, na leseni katika halmashauri ya wilaya, iliyo Itigi.

Ugumu huanza baada ya cheti. Mashine haiwi ya kampuni kwa kunenwa tu. Sharti ikabidhiwe kwa maandiko. Fedha ya kampuni iwe na akaunti yake, na mwenye hisa zote ila moja hana ruhusa ya kuchota sandukuni kununua sukari ya nyumbani. Kila mwaka taarifa hupelekwa kwa Msajili, hata kama hapana faida, na mwenye kuchelewa hutozwa faini. Na kodi? Mfanyabiashara wa peke yake mwenye mauzo madogo hukadiriwa kwa mauzo yake, bila hesabu nyingi. Kampuni haina njia hiyo: yalipa asilimia 30 ya faida, na hesabu zake sharti zitengenezwe na mhasibu mwenye cheti, naye hafanyi kazi bure. Kwa hiyo muuza nyanya na sabuni asiyekopa mahali popote, twamshauri akae kama alivyo.

Tena, benki zinaijua sana habari ya Salomon. Kabla ya kuikopesha kampuni ndogo humwita mwenyewe, wamtake aweke sahihi ya udhamini kwa jina lake. Akiisha kuiweka, ukuta ule umebomolewa kwa mkono wake, kwa deni lile. Wainjilisti na wasome Mithali 22:26-27 pamoja na wafanyao biashara kabla hawajaenda benki.

Limebaki la msiba, nalo laugusa usharika kuliko yote. Mume akifa, mara nyingi ndugu huja kuigawa mashine kabla ya arobaini kwisha, na mjane hubaki na deni la mafuta. Mashine ikiwa ya kampuni, haimo katika mirathi; zilizomo ni hisa za marehemu tu. Kampuni haifi, na mjane aliye mwenye hisa na mkurugenzi aendelea na kazi kesho yake, akimngoja msimamizi wa mirathi atakayewekwa na mahakama, ndipo majina ya warithi yaandikwe katika daftari la wenye hisa na kupelekwa kwa Msajili. Lakini haya hufaa tu ikiwa jina lake mke liliandikwa mapema, mumewe angali hai.