Kumtafuta Askari Mmoja wa Farasi

Mwaka uliopita nalikuwa nikiwafundisha vijana wa kidato cha tatu shairi la Tennyson juu ya wapanda farasi mia sita wa Balaklava. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono akauliza, "Mwalimu, hao mia sita walikuwa na majina?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana jibu sikuwa nalo. Majina ya wakubwa nilikuwa nayo: Lord Raglan aliyetoa amri, Kapteni Nolan aliyeipeleka, Lord Lucan aliyeipokea, na Lord Cardigan aliyetangulia mbele. Lakini askari wa kawaida hata mmoja sikumjua. Basi nikamwahidi kumtafuta mmoja.

Wasomaji watakumbuka habari yenyewe. Tarehe 25 Oktoba, 1854, katika vita vya Krimea, askari wa farasi wa Uingereza wapata 670 walipewa amri isiyoeleweka vizuri, wakashambulia mizinga ya Warusi bondeni, huku mizinga mingine ikiwapiga kutoka ubavuni. Watu wapata 110 walikufa, na farasi zaidi ya 300 hawakufaa tena.

Nilianza kwa vitabu vya vita, na hapo ndipo nilipokosea. Maofisa waliandika barua na kumbukumbu zao, lakini askari wengi wa chini hawakuacha maandishi yao wenyewe. Aliyeandika habari zao alikuwa karani wa mishahara. Jeshi la Uingereza lilikuwa bahili, na ubahili wake umekuwa bahati yetu. Kila miezi mitatu daftari la rejimenti lilionyesha jina la kila mtu, siku alizolipwa, na mahali alipokuwa: kambini, melini, hospitali au kifungoni. Siku isiyoelezwa ilikuwa ni pesa iliyopotea, kwa hiyo karani alijitahidi asiache pengo. Madaftari hayo yamewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London.

Karatasi tamu kuliko zote ni hati ya kuachiwa jeshi. Humo utakuta mahali alipozaliwa mtu, kazi aliyoifanya kabla ya kuvaa koti la askari, urefu wake, rangi ya macho na nywele, majeraha yake, hata kama mwenendo wake ulikuwa mwema au la. Ukiisoma utadhani unamwona amesimama mlangoni. Lakini angalia: kabla ya mwaka 1883 hati zilizohifadhiwa kwa desturi ni za wale waliopewa pensheni. Aliyetoroka, au aliyekufa vitani, hati yake usiitegemee.

Mtu niliyemchagua ni Edwin Hughes, kwa kuwa maisha yake yanafuatika toka mwanzo hata mwisho. Alizaliwa Wrexham, nchi ya Wales, tarehe 12 Desemba, 1830. Cheti cha serikali cha kuzaliwa usikitafute, maana Uingereza na Wales zilianza kuandikisha watoto mwaka 1837. Kwa mtu wa umri wake hatuna budi kwenda kwenye vitabu vya ubatizo vya kanisa. Alikuwa mshona viatu. Mwaka 1852 aliiacha sindano akaingia katika rejimenti ya 13th Light Dragoons, wakati ambapo askari wa farasi alijifunga kwa miaka kumi na miwili. Kabla ya miaka miwili kupita tangu siku ile, alikuwa Balaklava, katika mstari wa kwanza. Farasi wake aliuawa akamwangukia mguuni. Alipona, akaendelea na jeshi, akapanda cheo hata akawa sajini meja, akaachiwa mwaka 1873. Baadaye alifundisha askari wa akiba wa farasi huko Worcestershire. Alifia Blackpool tarehe 18 Mei, 1927, umri wake miaka 96, akiwa wa mwisho wa wale mia sita.

Nisiwadanganye kwamba kila askari hupatikana hivi. Wako waliojiandikisha kwa majina ya uongo, na wako vijana walioongeza umri. Tena karani aliandika jina kama alivyolisikia: mpiga tarumbeta Martin Lanfried wa 17th Lancers utamkuta pia kama Landfried na Landfrey. (Huyo alituachia kitu ambacho bwana yeyote hakukiacha. Mwaka 1890, huko London, alipiga tarumbeta mbele ya mashine ya Edison, na mlio ule wasikika mpaka leo.) Kwa hiyo fuata namba ya askari katika rejimenti yake kuliko jina. Wala usishikwe na nishani. Kipande cha fedha chenye neno "Balaklava" walipewa hata askari wa miguu waliokuwa uwanjani siku ile, kwa hiyo kukivaa si ushahidi kwamba mtu alipanda farasi akaingia bondeni. Waliosalia wenyewe walilijua jambo hilo. Walipounda chama chao katika miaka ya 1870 ilibidi wachuje majina.

Nilirudi darasani na Hughes wangu, nikamsimulia kwa furaha. Kijana yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu aliishi miaka 96, Mwalimu. Je, yule aliyekufa asubuhi ile?"

Nilirudi tena kwenye habari za madaftari. Mwisho wa kila miezi mitatu karani aliorodhesha pia waliotoka katika hesabu, kwa kufa au kwa njia nyingine. Kila mmoja alipata mstari mmoja: jina, alikozaliwa, kazi yake ya zamani, siku aliyoandikwa jeshini, siku aliyotoka. Nikauchora mstari huo ubaoni, safu kwa safu, bila jina ndani yake, na vijana wakaunakili katika madaftari yao.