Sauti Ihalalikayo katika Dhikiri na Kasida

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa Chiola, na vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, huulizana panapo maulidi na hitima ni sauti gani ihalalikayo na ipi isiyohalalika. Wako waliofikilia kususiana, huyu asihudhurie maziko ya yule kwa sababu ya dufu. Kuvunja udugu wa Kiislamu ni jambo zito. Basi tumeona wajibu kueleza kwa ufupi madhehebu ya Imamu Shafi.

Jueni ya kuwa yapimwayo ni mambo matatu: chombo, maneno, na matamko.

Ama chombo, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amebainisha katika Minhaj ya kuwa vyombo vya walevi, kama udi, matuazi na zumari, ni haramu. Na ngoma ndefu iliyo nyembamba katikati, iitwayo kuba, ni haramu vile vile. Lakini dufu ni halali katika harusi na tohara, na katika mengineyo kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ijapokuwa lina njuga. Basi asemaye dufu ni haramu kwa kila hali hakusema kauli hiyo. Na aletaye kinanda katika maulidi asijikinge kwa dufu, kwani hilo ni jambo jingine.

Wala khitilafu hii si ya kwetu peke yetu. Huko Lamu, Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, alisoma maulidi kwa matari, na wengine wakampinga. Na mji ule ni wa Mashafii.

Ama maneno, imepokewa katika Bukhari ya kuwa katika harusi ya Bibi Rubayyi binti Muawwidh, vijana wa kike walipiga dufu wakiwasifu wazee wao waliouawa Badri. Mmoja akasema ya kuwa Mtume (S.A.W.) anajua yatakayokuwa kesho. Mtume akamkataza neno lile, akamwamuru arejee katika aliyokuwa akiyasema. Tazameni: dufu aliliacha, neno la kuchupa mpaka alilikataza.

Ama matamko, hapa ndipo penye khatari kubwa, na ndipo watu wasipopaangalia. Mahadhi yakivutwa, neno hugeuka. Atamkaye «Allahu akbar» akaivuta ba hata ikawa «akbaar», huwa ametamka jina la ngoma; na akifanya hayo katika takbira ya kuhirimia, sala yake haifungiki. Vivyo hivyo akiivuta alifu ya kwanza ya jina la Mwenyezi Mungu, huwa kama aulizaye. Na mwimbishaji akikatia «la ilaha», akawaachia wenziwe waitikie «illa llah», hakusudii kufuru, lakini ulimi wake umekoma penye kukanusha. Na atimize mwenyewe. Tena wako ambao dhikiri ikipamba moto huliacha Jina tukufu, wakabakiwa na mkoromo wa koo. Ikiwa mtu amezidiwa na hali hana hesabu ya hilo; ikiwa afanya kwa kupenda, ni ukosefu wa adabu.

Ama ndugu aliyelelewa katika Kimwera, Kimakua au Kiyao, ulimi wake usipoweza kutoa ha ya kooni baada ya kujitahidi, huyo ana udhuru, wala asichekwe. Awezaye kujifunza na ajifunze.

Basi nasaha yetu kwa makhalifa na walimu ni hii: wafundisheni vijana maneno ya dhikiri wakiwa wamekaa, pasipo mahadhi wala dufu, hata yanyoke, ndipo muyatie sauti. Wala msipaaze sauti penye mgonjwa au mwenye kusali, kwani Mtume (S.A.W.) aliwaambia Sahaba waliopaza takbira safarini ya kuwa hawamwombi kiziwi wala aliye mbali. Na asiyependa dufu asilazimishwe. Na alipigaye asisusiwe katika maziko yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.