Kuhara damu kusikokoma: ni amiba au ni utumbo wenyewe?

SWALI: Daktari, mdogo wangu anaharisha damu mwezi wa tatu sasa. Akimeza dawa za amiba anapata nafuu, kisha inarudi. Je, ni ule ugonjwa wa utumbo usiopona?
Msomaji, Mabwerebwere, Kilosa

JIBU: Huenda, ila tusikimbilie huko. Nchini kwetu amiba, kichocho cha tumbo na kifua kikuu cha utumbo huleta dalili zile zile, na lazima vichunguzwe kwanza. Si suala dogo: dawa ya prednisoloni hutuliza uvimbe wa utumbo, lakini akipewa mwenye amiba, utumbo unaweza kutoboka.

Ugonjwa unaousikia, wa Crohn au wa vidonda vya utumbo mpana, hutokea kinga ya mwili inapoushambulia utumbo. Mwaka 2001 watafiti waliihusisha jeni ya NOD2 na Crohn, ila jeni peke yake haitoshi. Kuhusu chakula, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alidai vyakula vyenye nyuzinyuzi viliwakinga Waafrika na maradhi mengi ya utumbo. Ni wazo zuri, ila kwa ugonjwa huu halijathibitishwa. Hauponi kabisa, lakini hutulizwa kwa dawa kama salfasalazini.

Apimwe choo, kisha ombeni rufaa ya kipimo cha kamera ya utumbo; hospitali ya Muhimbili kipo. Akipata homa au kuishiwa nguvu, msisubiri rufaa: mwahisheni hospitali siku hiyo hiyo.